Kuondoa nywele za mwili kwa leza: Tupime manufaa na madhara yake kabla ya kuingia

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyemuumba mwanadamu akamtengeneza vizuri na akamuamrisha usafi wa mwili na wa moyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake.

Ndugu msomaji, suala la nywele za mwili kwa miaka mingi lilikuwa likimalizwa ndani ya nyumba. Wembe, uzi, sukari iliyochemshwa kwa ndimu, na maelekezo ya somo kwa mwari wake vilitosha. Leo hii katika miji yetu mikubwa, kuanzia Dar es Salaam hadi Mombasa na Nairobi, mabango na matangazo ya simu yanawaita akina mama na mabinti wakaondolewe nywele kwa miale ya leza, wakiahidiwa kwamba hazitaota tena abadan. Matangazo hayo yameleta mazungumzo mapya majumbani. Binti anayekaribia kuolewa anamwomba mama yake ruhusa na fedha. Mume anamshauri mkewe aende. Mama anasita kwa sababu hajui kama jambo lenyewe ni halali, na baba anasita kwa sababu hajui kama ni salama.

Maswali yote mawili ni ya haki, na hayatenganiki. Sheria yetu tukufu imejengwa juu ya kuleta maslaha na kuondoa madhara, kwa hiyo huwezi kulitolea hukumu jambo la mwili bila ya kujua linaufanyia nini mwili huo. Katika makala haya tutaanza na mafundisho ya dini kuhusu nywele, kisha tueleze leza inavyofanya kazi, halafu tuweke faida na hasara katika mizani moja.

Nywele ni za aina tatu

Wanazuoni wamezigawa nywele za mwili katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni zile ambazo tumeamrishwa kuziondoa au kuzipunguza. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ameyataja mambo matano ya maumbile safi: kutahiri, kunyoa nywele za kinena, kupunguza masharubu, kukata kucha na kunyofoa nywele za kwapani. Na katika upokezi wa Anas bin Malik (R.A.) uliomo katika Sahihi Muslim tunafahamu kwamba mambo hayo, ukitoa kutahiri, yamewekewa muda usiozidi siku arobaini.

Fungu la pili ni nywele ambazo tumekatazwa kuziondoa. Humo zimo nyusi, kwa mujibu wa hadithi ya Abdallah bin Masoud (R.A.) inayowalaani wanaonyofoa na wanaonyofolewa kwa ajili ya urembo. Humo pia zimo ndevu za mwanamume, ambazo Mtume (S.A.W.) ameamrisha ziachwe.

Fungu la tatu ni nywele ambazo sheria imezinyamazia, kama zile za mikono na miguu. Rai yenye nguvu kwa wanazuoni wengi ni kwamba hizo zimebaki katika asili ya uhalali. Mwanamke akipenda huziondoa, na akipenda huziacha.

Vipi kuhusu mwanamke aliyeota ndevu au masharubu? Hapa wanazuoni wamekhitalifiana tangu zamani. Imam Tabari aliona asiziondoe. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, aliona si haramu kuziondoa bali inapendeza aziondoe, kwa kuwa si katika umbile la kawaida la mwanamke. Rai hii ya pili ndiyo inayofuatwa na wengi, na ni faraja kubwa kwa dada zetu ambao wameishi miaka mingi wakijiona wenye dhambi kwa kuondoa kitu kinachowatia aibu.

Ama kuhusu chombo cha kuondolea, mafakihi hawakukifunga. Ijapokuwa hadithi imetaja kunyoa kwa kinena na kunyofoa kwa kwapa, wamesema lengo ni usafi, na wakaruhusu hata dawa ya kupaka iliyojulikana zamani kwa jina la nura. Kwa kipimo hicho, leza ni chombo kimoja zaidi miongoni mwa vyombo. Hukumu yake hufuata mambo mawili: nywele inayoondolewa ni ya fungu gani, na njia ya kuiondoa ina madhara gani kwa mwili na kwa stara.

Leza inafanya nini mwilini?

Leza ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1960 na mwanafizikia Theodore Maiman. Mwaka 1983 madaktari Rox Anderson na John Parrish wa mji wa Boston walieleza kanuni inayotumika hadi leo: miale ya rangi maalumu ikirushwa kwa muda mfupi sana huweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kukiacha kilicho jirani yake. Mwaka 1995 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu kwa mara ya kwanza kifaa cha leza cha kuondolea nywele.

Katika nywele, kitu kinacholengwa ni melanini, yaani ile rangi ya asili inayofanya unywele uwe mweusi. Miale hupita katika ngozi, hunywewa na melanini ya unywele, hugeuka kuwa joto, na joto hilo hulidhuru shina ambalo unywele huota. Kwa maelezo haya mafupi msomaji ataelewa mambo matatu ambayo matangazo mara nyingi hayasemi.

La kwanza, nywele nyeupe au zenye mvi hazina melanini ya kutosha, kwa hiyo leza haizifanyii kitu. Bibi mwenye mikono inayotetemeka, ambaye tungedhani ndiye angefarijika zaidi, hana anachokipata hapo.

La pili, nywele haziko katika hali moja kwa wakati mmoja. Baadhi zinakua, baadhi zimepumzika, na leza hufanya kazi vizuri kwa zile zinazokua tu. Ndiyo maana mtu huhitaji kurudi mara nyingi, aghalabu mara sita hadi nane, kila baada ya wiki nne hadi nane.

La tatu, neno "abadan" halina msingi. FDA huwaruhusu watengenezaji wa leza kudai kupunguza nywele kwa kudumu, na si kuziondoa zote kwa kudumu. Wengi hupata upungufu mkubwa, nywele zinazorudi huwa chache na nyembamba, na huhitaji kurudia mara moja moja baada ya miezi au miaka. Mwenye kuuza zaidi ya hapo anauza asichokuwa nacho, na sote tunajua dini inavyosema kuhusu ghushi katika biashara.

Manufaa yake

Tukisema kweli, manufaa yapo. Wapo watu ambao wembe ni adui wa ngozi zao. Nywele zetu za kujikunja zinyolewapo karibu sana na ngozi hurudi ndani kama miba, zikazaa vipele, usaha na madoa meusi. Kwa watu wa namna hiyo, leza hupunguza maradhi pamoja na nywele. Vivyo hivyo kwa wenye majipu yanayojirudia kwapani, madaktari wa ngozi huitumia wakati mwingine kama sehemu ya tiba.

Manufaa makubwa zaidi ni kwa wanawake wenye nywele nyingi usoni kwa sababu ya mvurugiko wa homoni. Sababu ya kawaida ni hali inayoitwa kwa kifupi PCOS, inayohusu ovari, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inampata takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Mwanamke huyu huota ndevu, hedhi yake huenda ovyo, na mara nyingine huchelewa kupata mtoto. Majirani husema amerogwa, na yeye mwenyewe hukwepa harusi na hitima kwa kuogopa macho ya watu. Kumwambia avumilie ilhali tiba ipo si katika huruma tuliyofundishwa. Lakini nasaha ya kwanza kwake ni kwenda hospitali, kabla ya kwenda kwenye leza. Leza hupunguza nywele, haitibu homoni. Akianza na leza peke yake, nywele zitarudi, na maradhi yenyewe, ambayo huweza kuambatana na kisukari, yataendelea kimya kimya.

Madhara yake, hasa kwa ngozi nyeusi

Hapa ndipo tunapomwomba msomaji asome kwa utulivu. Tumesema leza hutafuta melanini. Sasa melanini haimo katika nywele tu. Imo pia katika ngozi, na ngozi ya Mwafrika inayo kwa wingi. Leza isiyofaa haiwezi kutofautisha baina ya weusi wa unywele na weusi wa ngozi, matokeo yake ni kuunguza vyote viwili. Ngozi hutoka malengelenge, kisha huacha madoa meusi au mabaka meupe, ambayo mengine hukaa miezi mingi na mengine hayaondoki. Mwenye asili ya kupata makovu yanayovimba yuko katika hatari zaidi.

Madaktari huzigawa ngozi katika daraja sita, kwa mfumo uliotungwa na Dk. Thomas Fitzpatrick wa Marekani mwaka 1975. Wengi wetu tuko katika daraja la tano na la sita. Kwa daraja hizi, leza inayohesabiwa kuwa salama zaidi ni ile inayoitwa Nd:YAG, yenye wimbi la nanomita 1064, kwa kuwa miale yake huenda chini zaidi na haivutwi sana na melanini ya juu ya ngozi. Leza za mawimbi mafupi, kama ya aleksandraiti yenye nanomita 755, zinafaa zaidi weupe. Kifaa kilichomfaa mtu wa Ulaya huweza kumuunguza mtu wa Tandika, na fundi asiyejua tofauti hiyo asiguse ngozi ya mtu.

Liko pia dhara la ajabu ambalo wengi hawajalisikia. Kwa baadhi ya watu, hasa wanawake wenye tatizo la homoni wanaotibiwa usoni, leza huamsha nywele laini zilizokuwa zimelala, zikaota nyingi na nene kuliko mwanzo. Halitokei kwa wengi, lakini linatokea, na ni haki ya mgonjwa kuambiwa mapema.

Jingine ni dawa ya ganzi. Mwaka 2007 FDA iliwatahadharisha wananchi baada ya wanawake wawili vijana kufariki. Walikuwa wamejipaka miguuni krimu kali ya ganzi na kuifunika, wakijiandaa kwa leza. Dawa iliyopakwa kwa wingi na kufunikwa hupenya na kuingia katika damu. Kwa hiyo krimu ya ganzi isipakwe mwili mzima, wala isifunikwe bila ya amri ya daktari.

Tuongeze tahadhari kwa wanaotumia mikorogo. Krimu za kujichubua hudhoofisha ngozi, na ngozi iliyochubuliwa ikipigwa leza huumia haraka. Anayetumia vitu hivyo aviache na amwambie daktari ukweli. Amwambie pia dawa anazomeza, kwani zipo zinazoifanya ngozi isivumilie mwanga. Mjamzito asubiri ajifungue. Na jicho lilindwe kwa miwani maalumu, la mgonjwa na la mhudumu.

Jicho linatukumbusha nyusi. Madaktari wanaonya dhidi ya kupiga leza karibu na jicho, kwa kuwa miale imewahi kuwajeruhi watu mboni. Tazama basi jinsi katazo la sheria na onyo la tabibu yalivyokutana mahali pamoja.

Mizani ya stara

Tuje sasa kwenye jambo ambalo kwa Muislamu ni zito kama afya yenyewe. Leza hupigwa na mtu mwingine, na mtu huyo huona. Kwa rai ya wanazuoni walio wengi, uchi wa mwanamke mbele ya mwanamke mwenziwe Muislamu ni baina ya kitovu na magoti. Kwa hiyo uso, kwapa, mikono na miguu chini ya magoti huweza kuhudumiwa na mwanamke mwenziwe bila ya tatizo. Wapo wanazuoni wanaoweka mpaka mkali zaidi mbele ya mwanamke asiye Muislamu, na mwenye kujihadhari atamtafuta dada Muislamu. Ama mhudumu mwanamume kwa urembo tu, hilo halina nafasi.

Kinena ndicho chenye mtihani. Kufunua sehemu hiyo mbele ya asiyekuwa mume au mke hakuruhusiwi ila kwa dharura au haja inayozingatiwa, kama maradhi ambayo daktari ameona hayana njia nyepesi. Hata hapo hufunuliwa kiasi kinachohitajika tu, na mwanamke hutangulizwa kwa mwanamke. Usafi wa kawaida haufikii daraja hiyo, kwa sababu wembe upo, sukari ipo, na dawa za kupaka zipo. Hatuwezi kuvunja la wajibu ili kutekeleza sunna ambayo ina njia nyingine kumi.

Baadhi ya watu wamejibu kwa kusema: basi tununue vifaa vidogo vya nyumbani, mtu ajihudumie mwenyewe au ahudumiwe na mwenzi wake. Kwa upande wa stara jibu hili ni zuri. Kwa upande wa afya lina kasoro. Vifaa vingi vya nyumbani hutumia mwanga mkali wa kawaida, si leza, na watengenezaji wenyewe huandika katika vijitabu vyao kwamba havifai kwa ngozi nyeusi sana. Mwenye ngozi nyeusi akivilazimisha huungua. Matokeo yake, kwa wengi wetu, kifaa kinachohifadhi stara hakiifai ngozi, na kifaa kinachoifaa ngozi kinahitaji mtu wa pili. Palipo na mgongano huo, na hakuna maradhi, rai yetu ni kwamba kinena kibaki na njia zake za nyumbani.

Neno kwa wanaume na kwa wazazi

Wanaume nao wanakwenda kwenye leza, hasa wenye vipele vya ndevu. Kwao tunasema: tiba ya kwanza ya vipele hivyo, hata kwa mujibu wa madaktari, ni kuacha kunyoa. Ndevu zikiachwa zikakua, vipele vingi hutoweka. Kijana anayetaka kuziua ndevu zake kwa leza ili apumzike na vipele anaacha dawa isiyo na gharama, ambayo ndiyo sunna yenyewe.

Kwa wazazi, tunawaomba watofautishe baina ya haja na pupa. Tuseme binti wa miaka kumi na tisa ana ndevu kidevuni, hedhi yake haiendi sawa, na anavaa nikabu hata mbele ya shangazi zake. Huyu ana haja, na fedha ya kumtibu ni fedha iliyokwenda pahali pake. Mwengine hana tatizo lolote ila ameona picha katika simu na harusi ni wiki mbili zijazo. Huyu aambiwe kwa upole kwamba wiki mbili hazitoshi hata kwa mzunguko mmoja, na kwamba doa la moto usoni siku ya ndoa ni msiba ambao hina na singo haviwezi kuuficha. Bwana harusi naye akumbuke kwamba anaoa mtu, na kwamba kumshurutisha mwenzake ajiunguze kwa ajili ya macho yake si katika wema wa kuishi.

Gharama nayo ihesabiwe kwa ukamilifu. Msiulize bei ya mara moja, zidisheni kwa mara nane, kisha mjiulize kama ada ya shule, deni au nafaka ya nyumbani haina haki ya kutangulia. Israfu haiwi halali kwa kuitwa matibabu.

Kabla ya kukubali

Aliyepima akaona ana haja, aanze kwa daktari wa ngozi. Kanda yetu ina wataalamu hao, na tangu mwaka 1992 kipo pale KCMC Moshi kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Kisha amuulize mtoa huduma maswali haya bila ya haya: Umesajiliwa na baraza la madaktari, na kama wewe si daktari, nani anakusimamia? Leza yako ni ya aina gani, na umeitumia kwa ngozi nyeusi kama yangu? Utajaribu kwanza sehemu ndogo na kusubiri siku kadhaa? Nani atakuwamo chumbani? Nikiungua, utanitibu wapi?

Asiyepata majibu ya wazi aondoke. Anayeendelea, anyoe kwa wembe kabla ya kwenda na asinyofoe wala asitumie sukari wiki kadhaa kabla, kwa sababu miale inahitaji kuukuta unywele katika shina lake. Baadaye ajikinge na jua, na hapa vazi la stara litamsaidia. Mwenye nia ya Hija au Umra amalize mizunguko yake kabla ya kuingia katika ihramu, ambamo kuondoa nywele kumekatazwa.

Ndugu msomaji, kwa muhtasari: leza ni halali katika nywele zilizo halali kuondolewa, kwa mhudumu anayestahiki, kwa kifaa kinachoifaa ngozi, bila ya kuvunja stara wala kufuja mali. Sharti moja likikosekana, hukumu nayo hubadilika. Na asiyekuwa na haja nayo asidhani amepungukiwa kitu, kwani wembe wa shilingi chache ukitumiwa ndani ya siku arobaini umeikamilisha sunna yote.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye dada zetu wenye maradhi ya siri, awape wazazi busara ya kusikiliza, na atujaalie usafi wa nje na wa ndani. Wallahu aalam.